Mwimbaji Naye Asikie



 Ni miaka mingi tangu nilipomaliza masomo shuleni hapo na kuvuka mto Ruvuma kurudi kwetu Palma, wala sina desturi ya kuandika magazetini. Walakini katika toleo lililopita nilisoma kwamba wanafunzi wa chama cha muziki wanachanga fedha ili wanunue spika kubwa iwezekanavyo kwa jioni zao za karaoke. Nikaliweka gazeti chini, nikacheka kidogo, kisha nikasikitika, maana kosa hilo sisi tumekwisha kulifanya na kulilipia. Naona yafaa niwaambie wadogo zangu kabla fedha hazijatoka mkobani.

Maoni yangu ni haya. Kabla ya kuongeza ukubwa wa spika inayowatazama watu, nunueni spika ndogo ya bei nafuu, yenye amplifaya ndani yake, mkaielekeze kwa mwimbaji. Mafundi huiita monita. Mimi nitaiita spika ya mwimbaji, kwa kuwa jina hilo laeleza kazi yake.

Labda mtu atasema, “Mwimbaji ana masikio yake, na sauti yatoka kinywani mwake mwenyewe, ataka spika ya nini?” Swali hilo nami niliuliza, tena mimi ndiye niliyekuwa mshika fedha wa kikundi chetu. Nitaeleza yaliyotupata.

Kama wengi mjuavyo, tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa. Watu wakakimbia, wengine kwa miguu porini, wengine kwa mashua kuelekea Pemba. Vyombo vichache vya kikundi chetu vilipotea siku hizo, wala hatukuvilia, maana waliopotelewa na watu walikuwapo. Tuliporudi na maisha yakaanza tena, harusi nazo zikaanza, na vijana wakataka kuimba. Wapigaji vyombo hatuna wa kutosha. Basi muziki hutoka katika simu, na mwimbaji hushika maikrofoni akaimba juu yake. Tukachanga tena, kidogo kidogo, wengine fedha za samaki, wengine za nazi. Nami nikaenda nikanunua spika moja kubwa yenye mataa ya rangi, imefika kiunoni mwa mtu mzima, na juu ya sanduku lake imeandikwa wati kwa maelfu. Nilirudi nayo kama mtu aliyeoa.

Siku ya harusi ya kwanza aliimba binti wa jirani yangu, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye sauti ambayo sisi sote twajivunia. Tulimsimamisha hatua mbili nyuma ya spika, ili watu waone uso wake na spika isimzibe. Wimbo wa kwanza alikwenda nyuma ya muziki kama mtu anayefuata gari kwa miguu. Wimbo wa pili akaanza kupaza. Wimbo wa tatu sauti ikapasuka katikati, na akina mama, Mungu awajalie heri, wakapiga vigelegele kumfunika aibu. Jumatatu aliingia darasani hana sauti. Akafundisha kwa kuandika ubaoni siku nne.

Mama yake akanijia. Hakunigombeza. Aliniambia, “Kaka, mmenunua spika ya kusikika mpaka Mocímboa, na mwanangu aliyesimama karibu nayo haisikii.” Na jioni ileile mzee mmoja wa mtaani akaniita kibarazani kwake. “Mwanangu,” akasema, “wajukuu zangu waliamka usiku wakilia. Kishindo kama kile tumekwisha kukisikia. Hamwezi kufurahi kwa sauti ndogo kidogo?”

Nilikaa na maneno hayo mawili muda mrefu. Yule mama alisema sauti haitoshi, na yule mzee alisema imezidi, na wote wawili walikuwa wakisema kweli juu ya spika moja.

Nikatafuta sababu, nikaiona ni nyepesi. Sauti nene, zile za ngoma na besi, huizunguka spika na kuenea pande zote. Sauti nyembamba, ambazo ndizo zibebazo herufi za maneno, huenda mbele kwa unyofu kama mwanga wa tochi. Kwa hiyo anayesimama nyuma ya spika husikia bum bum, wala hasikii maneno yake. Kisha maneno yale hupiga ukuta wa mbele na kumrudia yamechelewa. Sauti hukimbia kiasi cha mita 343 kwa sekunde. Ukuta ukiwa mita 20 mbali, kwenda na kurudi ni mita 40, yaani zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Nani aweza kufuata mapigo hali sauti yake yamjia kwa kuchelewa?

Tena kuna jambo la mwili wenyewe. Daktari mmoja Mfaransa, Étienne Lombard, aliandika mwaka 1911 kwamba mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti yake bila kukusudia. Haamui, koo lafanya lenyewe. Basi binti yule hakuwa na pupa wala kiburi. Kelele ilimvuta akapiga kelele, mpaka koo likachoka.

Wazee wetu hawakuhitaji spika hiyo, na sababu yaonekana wazi. Atazame mtu akina mama wa tufo katika pwani yetu: wamekaa bega kwa bega, wapigaji matari wako karibu nao, na kila mmoja asikia mwenzake kama asikiavyo pumzi zake. Mwimbaji akikosea mapigo, wapigaji humngoja. Karaoke ni kinyume cha hayo. Neno lenyewe ni la Kijapani: “kara” ni tupu, na “oke” ni kifupi cha okestra, maana yake okestra isiyokuwapo. Mjapani Daisuke Inoue alitengeneza mashine yake huko Kobe mwaka 1971, na michezo hiyo ikaenea dunia nzima. Okestra isiyokuwapo haimngoji mtu. Ukipotea, umepotea peke yako mbele ya wakwe. Kwa hiyo mwimbaji wa karaoke ahitaji kusikia kuliko mwimbaji mwingine yeyote.

Wala asione haya, kwa kuwa hata mabingwa yaliwapata. Tarehe 15 Agosti 1965 kundi la Beatles liliimba katika uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000. Mashabiki walipiga mayowe hata wanamuziki wenyewe hawakuweza kujisikia. Siku zile spika za kuwatazama waimbaji zilikuwa bado hazijawa desturi, baadaye zikawa.

Sasa nije kwenye uchaguzi wenyewe, kwa kuwa najua wasomaji wetu hawapendi mtu awaonyeshe shimo asiwaonyeshe njia.

Kwanza, udogo si upungufu. Katika mahali pa wazi, kila umbali ukizidi mara mbili sauti hupungua desibeli 6. Toka mita 1 mpaka mita 8 umbali umezidi mara mbili, mara tatu; sauti imepungua desibeli 18, nayo ni nguvu mara 64. Maana yake ni kwamba spika iliyo mita 1 toka sikio la mwimbaji, ikitumia wati 10, itasikika kwake sawa na spika ya namna ileile iliyo mita 8 ikitumia wati 640. Basi ukaribu ni mali ya bure. Tuutumie kabla ya kununua wati. Spika ya inchi 5 mpaka inchi 8 yatosha kabisa. Zimewahi kuuzwa ndogo za inchi 5 na robo, kama Behringer B205D na Mackie SRM150, ambazo hufungwa hata juu ya mguu wa maikrofoni, karibu na uso wa mwimbaji. Sizitaji ili mkanunue hizo hasa. Nazitaja mjue kwamba watengenezaji wenyewe hawaoni aibu kufanya spika ya mwimbaji iwe ndogo kama kopo la rangi.

Pili, msizisadiki wati za sandukuni. Wengine huandika nguvu ambayo spika huitoa kwa nukta moja tu kabla ya kuchoka, badala ya ile iwezayo kudumu nayo. Hata wati zikiwa za kweli, kuziongeza mara mbili huongeza desibeli 3 tu, na sikio huona sauti imekuwa maradufu zipatapo kuongezeka kwa kiasi cha mara 10. Anayelipa bei mara mbili kwa wati mara mbili amenunua tofauti ndogo mno.

Tatu, ijaribuni kwa maneno, msiijaribu kwa ngoma. Muuza duka atawawekea wimbo wenye besi nzito ili kifua kitetemeke, nanyi mtatoa fedha. Mwambieni azime. Chukueni maikrofoni yenu wenyewe, mmoja asome habari yoyote kwa sauti ya kawaida, na mwingine asimame hatua tatu asikilize kama herufi s, f, t na k zatoka safi. Uwazi wa maneno umo zaidi katika mitetemo ya 1,000 mpaka 4,000 kwa sekunde, na kazi hiyo haitaki spika pana. Besi itakuja yenyewe kutoka spika kubwa.

Nne, tazameni matundu yake. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Ni lazima iwe na tundu la kuingizia maikrofoni kwa waya, na kifungo chake cha kupunguza na kuongeza sauti ya maikrofoni peke yake, mbali na muziki. Tena iwe na tundu la kutolea, ili sauti ile iendelee kwa waya mpaka spika kubwa ya watu. Spika nyingi za sherehe zina tundu la kuingilia na hazina la kutokea. Ukiunganisha maikrofoni hapo, sauti imefika mwisho wa njia. Na ikiwa mnayo mashine ya kuchanganya sauti, tafuteni humo njia ya pili ya kutolea, ili sauti ya mwimbaji iwe na kipimo chake. Hali kadhalika, msipeleke sauti ya mwimbaji kwa bluetooth. Njia hiyo huichelewesha sauti, mara nyingi kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi. Mtakuwa mmenunua ule ukuta wa mita 20 kwa fedha zenu.

Tano, fikirini umeme. Amplifaya iliyo ndani ni faida, maana waya zapungua na spika imepatanishwa na nguvu yake. Lakini ikifa amplifaya, spika nzima imelala, basi ulizeni kama fundi wa karibu aweza kuifungua. Kwetu umeme ni volti 220, na plagi za Msumbiji si zile za pini tatu bapa za Tanzania. Mnunuzi wa pwani hii anunue kigeuzi cha plagi palepale, asije akakata waya na kuchomeka ncha tupu ukutani. Umeme ukikatika, spika ndogo yaweza kuendeshwa kwa betri ya sola. Tuseme yala wati 20 kwa wastani: kwa saa 4 ni wati-saa 80. Betri ya volti 12 na ampea-saa 20 ina wati-saa 240. Hata mkitumia nusu tu ili betri isife mapema, na inveta ikala fungu lake, harusi itakwisha na nyimbo bado zipo. Jaribuni hesabu hiyo kwa spika ile kubwa, mtaona tofauti. Mwisho wa safari ifunikeni kwa kitambaa, kwa kuwa chumvi ya bahari haina urafiki na chuma.

Sita, jifunzeni kuiweka. Spika nzuri iliyowekwa vibaya hupiga mluzi wa kutoboa masikio, maana maikrofoni yasikia spika, spika yairudisha, nayo yaisikia tena, na duara halina mwisho. Maikrofoni nyingi za waimbaji husikia mbele zikawa kiziwi nyuma. Ile ya aina ya kadioidi, kama Shure SM58 iliyoanza kuuzwa mwaka 1966, uziwi wake uko nyuma kabisa, upande utokako waya. Basi iwekeni spika sakafuni mbele ya mwimbaji, imeinamishwa ielekee usoni pake, ili mkia wa maikrofoni uielekee. Na kijana asikikumbatie kichwa cha maikrofoni kwa kiganja kama waimbaji wa video; akikiziba, ule uziwi watoweka na mluzi waja.

Sasa najua yatakayosemwa. Mmoja atasema, “Tuigeuze spika kubwa imtazame mwimbaji, tuepuke gharama.” Mkiigeuza, maikrofoni nayo yatazamwa na spika, na mluzi utawafukuza wageni. Mwingine atasema, “Mwimbaji avae spika ndogo za masikioni, ni rahisi kuliko zote.” Hilo nalikubali nusu. Kwa mwimbaji mmoja anayejua kazi yake ni njia njema. Lakini jioni ya karaoke huimba watu ishirini, mmoja baada ya mwingine, na sioni vema watu ishirini kupokezana kitu cha sikioni. Tena aliyeziba masikio hasikii wageni wakicheka, wala mama wa bibi harusi akimwambia apunguze. Na mgeni asiyejua kipimo huweza kujiumiza: sauti ya desibeli 85 yakubalika kwa saa 8 za kazi, bali kila desibeli 3 zikiongezeka muda hupungua nusu, hata ikifika 100 zabaki dakika 15 tu.

Wa tatu, naye ndiye ninayemheshimu zaidi, atasema kwamba fedha za shule zinunue vitabu. Simbishii. Lakini fedha hizi zimekwisha kuchangwa kwa muziki. Shauri langu litapunguza matumizi, na kitakachobaki chaweza kwenda maktaba.

Sisi hatimaye tulifanya hivi. Ile kubwa hatukuiuza, maana hakuna aliyeitaka kwa bei ya haki. Tukanunua ndogo ya inchi 8, ambayo mtu mmoja huibeba begani. Mara ya kwanza ilitoa mvumo kwa sababu ya jenereta, nasi tukahangaika na waya mpaka jasho likatutoka. Kisha yule binti akasimama. Nilimwona amesikia neno lake la kwanza, kwa kuwa mabega yake yalishuka. Hakupaza. Na kwa kuwa hakupaza, wala hakuniashiria niongeze kama wafanyavyo waimbaji wote wasiojisikia, mkono wangu ukaipunguza ile kubwa, nikapunguza tena, mpaka watu wakaweza kuzungumza mezani na bado kila neno la wimbo likasikika. Jumatatu alifundisha kwa sauti yake.

Usiku ule nilipopita kibarazani kwa yule mzee, alikuwa ameketi nje. Akaniuliza, “Leo hakukuwa na harusi?” Nikamwambia, “Ilikuwapo, babu.” Akanyamaza kidogo, akasema, “Basi vizuri.”

Wadogo zangu, wahenga walisema ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Sisi tuliona kwamba inaweza kumpasua na mwimbaji. Nunueni ile ndogo kwanza. Mkiona baada ya hapo kwamba kubwa bado yahitajika, niandikieni, nami nitawaletea yetu. Kazi yake imepungua sana.

Wasalaam,

Mwanafunzi wa zamani, Palma.